Robert Koch na Aina Mbili za Seli: Maisha ya Mtafiti na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Sayansi

Katika vyuo vyetu somo la seli hufundishwa mara nyingi kwa jedwali. Upande mmoja huandikwa seli za prokarioti, yaani zile ambazo kiini chake hakikufungwa kwa utando. Upande wa pili huandikwa seli za yukarioti, zenye kiini kamili na viungo vidogo vya ndani viitwavyo oganeli. Mwalimu mwanafunzi hulikariri jedwali, hulijibu katika mtihani, kisha hulisahau. Hulisahau kwa sababu hakuonyeshwa tofauti hiyo ina kazi gani katika maisha ya watu.

Makala haya yanakusudia kuionyesha kazi hiyo kwa njia ya maisha ya mtu mmoja, Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1910. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, vijidudu alivyovichunguza vilikuwa vya aina zote mbili. Pili, sehemu ya kazi yake aliifanya hapa kwetu: Dar es Salaam, Usambara na Mwanza, na pia visiwa vya Sese upande wa Uganda, katika ziwa lile lile ambamo wavuvi wa Chato na Geita hutupa nyavu zao. Alifaulu sana katika magonjwa fulani, na katika mengine aliwadhuru wagonjwa wake. Tofauti ya seli ni sehemu kubwa ya maelezo ya jambo hilo.

Utoto katika mji wa machimbo

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Huo ulikuwa mji wa machimbo ya fedha na risasi, na baba yake alikuwa na cheo katika kazi hiyo. Mtoto wa Buseresere au Katoro, ambaye ndugu zake hushuka mashimoni kutafuta dhahabu, angeuzoea mji huo upesi. Nyumba ya wazazi ilijaa watoto; walizaliwa kumi na watatu, naye alikuwa wa tatu. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma mwenyewe kabla ya kuanza shule, kwa kuyatazama magazeti ya nyumbani. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na kuvipanga kwa namna zao.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Wakati huo wengi waliamini kwamba magonjwa hutokana na hewa chafu. Henle hakuwa na ushahidi wa kutosha, lakini alipanda mbegu katika akili ya mwanafunzi. Mwalimu asidhani kwamba swali aliloliacha bila jibu darasani limepotea.

Daktari wa wilaya na ugonjwa wa kimeta

Baada ya kutumika kama daktari katika vita baina ya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, Koch alipewa mwaka 1872 kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka hadubini, na saa za jioni akawa anachunguza ugonjwa wa kimeta uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wakulima.

Vifaa vyake vilikuwa vya kuokoteza. Badala ya sindano alitumia vijiti vilivyochongwa, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa na kumchoma panya. Ili kuvikuza vijidudu nje ya mwili alitumia majimaji ya jicho la ng'ombe. Aliona vijiti vidogo vikirefuka na kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo vikatokea vitu mfano wa punje, yaani spora. Spora hizo hustahimili ukame kwa miaka mingi, na ndiyo sababu malisho yaliyozikwa mzoga wa kimeta hubaki ya hatari. Mwaka 1876 alimwonyesha kazi hiyo Ferdinand Cohn, bingwa wa mimea na bakteria katika mji wa Breslau, ikakubaliwa. Kwa mara ya kwanza bakteria mmoja maalumu alithibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa mmoja maalumu.

Kiazi, agari na rangi

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin, akapewa maabara ya serikali. Hapo alikabili tatizo la kutenganisha bakteria wa namna moja na wa namna nyingine. Katika supu bakteria wote huogelea pamoja. Koch alitazama kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi, akaona madoa yenye rangi mbalimbali. Kila doa lilikuwa ukoo wa bakteria wa namna moja. Kwa hiyo alianza kuwakuza juu ya kitu kigumu badala ya majimaji. Mwanzoni alitumia jelatini, lakini iliyeyuka kwenye joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ndiye aliyependekeza agari, unga utokanao na mwani ambao yeye aliutumia jikoni kugandisha vyakula. Mpaka leo maabara za hospitali zetu hutumia agari hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa kuona. Seli nyingi hazina rangi, hivyo hazionekani vizuri hata zikikuzwa. Koch alitumia rangi za viwanda vya nguo ili kuzipaka. Bakteria wa kifua kikuu aliwashinda wengi kwa sababu ukuta wa seli yake una mafuta mazito mfano wa nta, na rangi haipenyi kwa urahisi. Koch aliongeza magadi katika rangi ya buluu, akasubiri kwa muda mrefu, na vijiti vyembamba vikatokea. Tarehe 24 Machi 1882 aliwatangazia wanasayansi wa Berlin kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria huyo. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya kifua kikuu duniani.

Mwaka 1884, akiwa Calcutta nchini India, alimtambua bakteria wa kipindupindu. Baadaye, mwaka 1890, sifa zake zilimponza. Alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini, na akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi yao walizidiwa na kufa. Ilibaki kuwa na faida moja tu, ya kupima kama mtu amekwisha ambukizwa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa mfano wake ulitokea tena katika Ziwa Viktoria.

Koch katika Afrika Mashariki

Mwaka 1896 Koch aliitwa Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka, tauni ya ng'ombe iliyokuwa imekwisha teketeza mifugo ya Afrika Mashariki, Usukuma ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Alitafuta kijidudu cha sotoka kwa hadubini asikione. Leo tunajua sababu: sotoka huletwa na kirusi, na kirusi si seli ya aina yoyote. Hakina saitoplazimu wala ribosomu, nacho ni kidogo mno kwa hadubini ya mwanga. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Kuanzia 1897 hadi 1898 Koch alikaa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Huko Usambara alikuta wenyeji wa milimani wakisema kwamba homa ya tambarare huletwa na mbu, na ugonjwa wenyewe wakiuita kwa jina la mdudu huyo. Aliyaandika maneno hayo wakati ambapo huko India Ronald Ross alikuwa bado katika kazi ya kuthibitisha jambo hilo hilo. Elimu ya wazee wetu ilikuwa imetangulia.

Miaka hiyo hiyo mfamasia Gustav Giemsa alifanya kazi katika koloni hilo. Mwaka 1904, baada ya kurudi kwao, alitengeneza rangi ambayo hadi leo hutumiwa kupima damu kwa malaria. Rangi ya Giemsa hupaka kiini cha kimelea rangi nyekundu ya zambarau na saitoplazimu rangi ya buluu. Kwa hiyo mpimaji aonaye malaria katika kituo cha afya huwa anaitazama alama ya yukarioti: kiini kilichojitenga na sehemu nyingine ya seli.

Mwaka 1905 Koch alirudi kuchunguza homa ya papasi, iliyowashika sana wasafiri waliolala katika kambi za njia za misafara. Alivikuta vijidudu vyenye umbo la parafujo ndani ya papasi na katika mayai yake, akafahamu kwamba papasi mama huwarithisha watoto ugonjwa. Wakati huo huo daktari Mwingereza Everett Dutton aliufikia ukweli huo katika Kongo ya mashariki, naye akafa huko Kasongo kwa homa hiyo aliyokuwa akiichunguza. Kijidudu cha homa ya papasi ni bakteria, yaani prokarioti. Mwishoni mwa mwaka huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwanza, Sese na ugonjwa wa malale

Tangu mwanzo wa karne ya 20 malale ilikuwa imewaua watu wengi mno katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Hesabu za wanahistoria hupita 200,000. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch, akiwa na umri wa miaka 62. Alipitia Amani, akafika Mwanza mwezi Julai. Kwa kuwa wagonjwa upande huo walikuwa wachache, alihamia Sese, akapiga kambi Bugala na kukaa huko mpaka mwaka uliofuata.

Damu ya wagonjwa ilikuwa na tripanosoma, kimelea chenye umbo la samaki mwembamba, kinachoogelea kwa mjeledi. Koch aliwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iliyoitwa atoksili. Katika siku za kwanza matokeo yalivutia: vimelea vilitoweka katika damu, na watu waliobebwa kuja kambini walisimama. Habari zilienea, wagonjwa wakafika zaidi ya elfu moja. Lakini baada ya muda vimelea vilirudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa. Hapo watu 22 wakapofuka, na macho yao hayakupona. Wengine waliikimbia kambi kwa maumivu ya sindano.

Yafaa tuseme wazi kwamba wagonjwa hao walikuwa watu waliotawaliwa, na nafasi yao ya kukataa ilikuwa ndogo. Koch alishauri pia wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya mwambao vifyekwe, na mamba wauawe, kwa kuwa aliamini mbung'o hutegemea damu yao. Serikali ya kikoloni ikajenga kambi za malale, kama zile za Kigarama huko Bukoba na Shirati. Msaidizi wake, Friedrich Kleine, aliendelea na uchunguzi baada yake, na mwaka 1909 alithibitisha kwamba kimelea hukua kwa siku kadhaa ndani ya mbung'o kabla ya kuweza kuambukiza. Koch mwenyewe alirudi Ujerumani mwaka 1907, akafariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi yenye jina lake.

Kilichofichika ndani ya seli

Kifua kikuu, kipindupindu na homa ya papasi, magonjwa ya bakteria aliyoyachunguza Koch, yote yalipata dawa za kuponya katika karne ya 20. Malale ilibaki ngumu. Kwa nini? Jibu halikuweza kuonekana katika hadubini ya Koch. Istilahi za prokarioti na yukarioti zilitumiwa kwanza na Mfaransa Édouard Chatton mwaka 1925, na umbo la ndani la oganeli lilifunuliwa na hadubini ya elektroni iliyobuniwa Berlin katika miaka ya 1930.

Seli zote zina mambo manne ya pamoja: utando wa nje, saitoplazimu, DNA yenye maagizo ya urithi, na ribosomu zinazotengeneza protini. Tofauti ni katika mpangilio. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita 2 hadi 4. Wakipangwa mstari mmoja, 250 hadi 500 hutimiza milimita moja. DNA yake imo ndani ya saitoplazimu bila kuzungushiwa utando. Hana mitokondria, nishati huipata kwa kutumia utando wake wa nje. Ribosomu zake ni ndogo kuliko zetu, na amezungukwa na ukuta wa seli ambao seli ya binadamu haina.

Tripanosoma hufika maikromita 20 hadi 30. Ina kiini chenye utando. Ina mitokondria moja ndefu ya kuzalisha nishati, na karibu na shina la mjeledi ipo DNA ya mitokondria hiyo, iliyojikusanya hata kuonekana kama nukta. Ina vifuko vya Golgi vya kufungasha protini, lizosomu za kuyeyusha mabaki, na ribosomu kubwa za aina ya yukarioti. Haina ukuta. Kwa kifupi, ukiondoa umbo na mjeledi, seli ya adui huyu inafanana mno na seli ya mgonjwa mwenyewe.

Hapo ndipo penye siri ya dawa. Dawa njema hupiga kitu alichonacho kijidudu na asichonacho mgonjwa. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, hupiga ribosomu za bakteria. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria wengi. Isoniazidi, inayomezwa na wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali zetu, huzuia kutengenezwa kwa ile nta ya ukuta iliyomsumbua Koch katika kupaka rangi. Lakini aseniki haichagui. Hudhuru tripanosoma na hudhuru pia mshipa wa jicho la binadamu. Hata melarsoproli, dawa nyingine ya aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliua takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini waliotibiwa. Ilichukua zaidi ya karne moja tangu Sese mpaka mwaka 2018 ilipokubaliwa dawa ya kumeza peke yake dhidi ya aina moja ya malale.

Koch alikuwa na bidii ile ile Berlin na Bugala. Tofauti ni kwamba Bugala alikabili seli iliyo jamaa ya seli zetu, na badala ya kusimama alipoona dawa haichagui, aliongeza kipimo.

Jinsi ya kulifundisha somo

Mwalimu wa shule ya msingi hatawapa watoto istilahi zote hizi. Hata hivyo hapana budi azijue, ili asiseme kwamba vijidudu vyote ni kitu kimoja na hutibiwa kwa dawa moja. Kosa hilo ndilo humpeleka mzazi dukani kununua vidonge vya bakteria ili atibu malaria.

Kwanza, tumia mfano wa duka. Mjini Buseresere yapo maduka ya chumba kimoja, ambamo bidhaa, daftari la hesabu, jiko na kitanda viko pamoja. Huyo ndiye bakteria. Yapo pia maduka makubwa yenye ofisi inayofungwa, ambamo daftari hukaa na nakala tu hutoka. Hicho ndicho kiini. Nyuma kuna jenereta, yaani mitokondria. Chumba cha kufungashia mizigo, yaani Golgi. Na mahali pa kuteketezea taka, yaani lizosomu. Waonye wanafunzi kwamba duka dogo si duka lililoshindwa: bakteria wameishi duniani kwa zaidi ya miaka bilioni tatu.

Pili, fanya jaribio la Koch la kiazi. Chemsha kiazi, kikate kwa kisu safi, gusisha upande mmoja kidole kisichonawiwa na upande wa pili kidole kilichonawiwa kwa sabuni, kisha funika kwa chupa ya kioo. Watoto watazame madoa kila siku kupitia kioo. Chupa isifunguliwe kamwe. Mwishoni mwalimu mwenyewe aichemshe yote kabla ya kutupa.

Tatu, lihusishe somo na mahali. Katika maeneo ya machimbo vumbi la mawe hudhoofisha mapafu, na kifua kikuu hupata njia. Mtoto akielewa kwamba dawa huvunja ukuta wa bakteria polepole, na kwamba bakteria waliosalia hukua tena, ataweza kumwambia baba yake kwa nini asiache vidonge kikohozi kinapopungua.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini dawa inayopiga ukuta wa seli haiwezi kutibu malale?
2. Koch alikosea wapi katika tuberkulini na katika atoksili, na mwalimu anayejaribu mbinu mpya kwa wanafunzi wake ajihadhari na nini?
3. Panga katika makundi matatu, yaani prokarioti, yukarioti na visivyo seli: kijidudu cha kimeta, cha malaria, cha sotoka, cha homa ya papasi na cha malale. Toa sababu kwa kila kimoja.